Nyegezi Kabla ya Digrii

Anayetaka kusimulia habari za chuo kikuu cha kwanza cha Mwanza, naona, hana budi kuanzia mbali na Malimbe kilipo chuo chenyewe. Aanzie upande wa pili wa jiji, Kageye, kijiji cha ufukweni huko Kayenze, kaskazini mwa Ilemela. Februari 1875 Henry Morton Stanley alifika hapo na mashua yake, Lady Alice, iliyobebwa vipande vipande na wapagazi kutoka pwani, akaiunga na kuanza kulizunguka ziwa. Mwishoni mwa 1878 ukafika msafara mwingine, wa watu wenye kanzu nyeupe na rozari shingoni. Shirika lao, Wamisionari wa Afrika, lilikuwa limeanzishwa miaka 10 tu kabla yake, mwaka 1868, na Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers. Kutoka Kageye, Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans walivuka ziwa wakafika Buganda Februari 1879. Upande wa kusini, mwaka 1883, ikasimama misheni ya Bukumbi, katika Misungwi ya leo.

Naitaja Algiers kwa makusudi. Katika nchi hiyo ya Algeria ndiko alikozaliwa Augustino, mwaka 354, katika mji wa Thagaste. Akawa askofu wa Hippo, na vitabu vyake vikasomwa na kubishaniwa Ulaya nzima kwa zaidi ya miaka 1000. Taasisi ya Nyegezi, iliyokuja kuwa chuo hicho cha Malimbe, ilipopewa jina la Mtakatifu Augustino mwaka 1998, ilipewa jina la Mwafrika, na jina hilo lilikuja kwa njia ile ile waliyoijia mapadri waliofika Kageye. Ningependa kila mwanafunzi anayepita getini kwa mara ya kwanza aambiwe hivyo kabla hajaonyeshwa ofisi ya kulipia ada.

Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino Tanzania, SAUT, huhesabiwa tangu huo mwaka 1998. Hesabu hiyo ni sahihi kisheria. Lakini miaka 38 iliyotangulia, kabla mtu yeyote hajavalishwa joho la digrii pale Malimbe, ndiyo iliyokipa chuo hicho tabia yake, na ndiyo ninayotaka kuieleza kwa kirefu.

Kanda ya Ziwa haikukosa wasomi ilipokosa chuo kikuu. Kisiwani Ukerewe, huko Kagunguli, Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya Myombekere na mkewe Bugonoka, akiwa na elimu ya seminari ya Rubya na kutiwa moyo na padre wa misheni. Hakuwa na maktaba wala mchapishaji jirani. Kitabu kilitoka kwa Kiswahili, tafsiri aliyoifanya yeye mwenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati maisha yake yanafikia ukingoni. Bujora, karibu na Kisesa, Padre David Clement kutoka Kanada alikusanya ngoma, viti vya watemi na masimulizi ya Wasukuma kuanzia miaka ya 1950. Kazi kama hizo zilifanyika kwa juhudi za mtu mmoja mmoja, kwenye veranda za misheni, bila mahali pa kumpokea kijana aliyetaka kuziendeleza. Kijana wa Ukerewe au Sengerema aliyemaliza shule na kutaka kusonga mbele alikuwa akitazama Makerere, ng'ambo ya ziwa, na waliopata nafasi huko walihesabika.

Wakati huohuo nchi kavu ilikuwa imejaa pamba, na pamba ilileta haja ya elimu ya aina nyingine kabisa.

Mkulima wa Usukuma alipeleka pamba yake kuuza baada ya kuichambua nyumbani, safi mbali na fifi mbali. Penye mizani ndipo ugomvi ulipoanzia. Mnunuzi alisoma uzito, mnunuzi aliandika, mnunuzi alilipa, na mkulima asiyejua kusoma alipokea alichopewa. Malalamiko ya kupunjwa yaliposambaa mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima walianza kuweka watu wao wa kuangalia mizani. Katika vuguvugu hilo alichomoza Paul Bomani, kijana aliyekuwa amefanya kazi na chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika mjini Mwanza. Vyama vidogo viliunganika, na mwaka 1955 kikazaliwa chama kikuu cha Victoria Federation of Co-operative Unions. Kufikia mwisho wa muongo huo karibu pamba yote ya Jimbo la Ziwa ilikuwa inapita mikononi mwa vyama vya ushirika, mamia ya vyama vya msingi, kila kimoja na ghala lake, mizani yake na daftari lake.

Nalikazia macho hilo daftari. Mkulima alikuwa amemwondoa mnunuzi aliyempunja, akamweka karani wa kwao. Sasa karani naye alihitaji kujua kuandika stakabadhi isiyofutika, kutenganisha fedha za chama na fedha za mfukoni, kufunga hesabu za msimu, na kuzisoma mbele ya wanachama waliokaa chini ya mti wakisubiri kusikia malipo ya pili. Bomani mwenyewe alilazimika kwenda hadi Loughborough, Uingereza, kusomea ushirika. Chuo cha Ushirika cha Moshi hakikuwapo hadi 1963. Kwa karani wa Kwimba au Geita, Loughborough ilikuwa mbali kama mwezi.

Tena siasa zilikuwa za moto. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilizifunga shughuli za TANU katika Jimbo la Ziwa, na zuio hilo likadumu hadi 1958, mwaka ambao Geita iliwaka kwa sababu ya baraza la mchanganyiko wa rangi ambalo watu hawakulitaka. Katika miaka hiyo ushirika ulikuwa karibu uwanja pekee ambamo Mwafrika wa jimbo hili aliweza kujifunza uongozi hadharani: kuitisha mkutano, kuandika kumbukumbu, kupiga kura, kumhoji mweka hazina.

Askofu wa Mwanza wakati huo alikuwa Joseph Blomjous, Mholanzi wa shirika lile la kanzu nyeupe, aliyekuwa askofu wa kwanza wa jimbo Katoliki la Mwanza lilipoundwa rasmi mwaka 1953. Mwaka 1960 alianzisha Nyegezi taasisi ya mafunzo ya jamii, Nyegezi Social Training Institute. Seminari zilikuwapo tayari, nayo hii haikuwa seminari. Ilikuwa mahali pa kuwafundisha watu wazima kazi ambazo jamii ilikuwa inazihitaji, na milango yake ilikuwa wazi kwa mtu wa dini yoyote na kabila lolote. Sharti hilo la milango wazi lilikuwa zito kuliko linavyosikika leo. Wakati huo shule nyingi zilikuwa za misheni, na mtoto wa Kiislamu au wa dhehebu jingine mara nyingi alikuta masharti mlangoni. Kwamba askofu Mkatoliki, mwaka mmoja kabla ya Uhuru, aliweka taasisi isiyouliza mtu anasali wapi, kwangu hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote aliyoyafanya Mwanza. Alihudhuria Mtaguso wa Pili wa Vatikano, akaacha uaskofu wa Mwanza mwaka 1965. Mrithi wake alikuwa Mtanzania, Renatus Butibubage.

Mwaka 1961 Dar es Salaam ilipata chuo kikuu kishiriki, kikaanza Oktoba kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kitivo kimoja cha sheria, wanafunzi wasiozidi 15. Hicho kilikuwa chuo cha taifa, na taifa lilikitazama kwa fahari iliyostahili. Nyegezi hakukuwa na gazeti la kuandika kilichotokea. Waliosoma pale walirudi kwenye meza zile zile walizotoka, wakiwa wanajua zaidi.

Kozi zilizokuja kuijengea Nyegezi jina ni nne: uandishi wa habari, uhasibu, uongozi wa hospitali, na usimamizi wa vifaa, yaani ununuzi na utunzaji wa bohari. Zitazame zilivyo za chini kwa chini. Hakuna falsafa wala fizikia. Kuna mtu anayehakikisha dawa zilizoingia bohari ndizo zilizotoka wodini, mtu anayejua mshahara wa manesi utatoka wapi mwezi ujao, mtu anayeandika kwamba daraja limevunjika na anataja jina la kijiji bila kukosea. Hospitali za misheni zilikuwa zimetapakaa kanda nzima, Sengerema, Sumve, Ukerewe, na nyingi zilianza zikiongozwa na masista waliokuwa kwa pamoja wauguzi, wahasibu na mafundi wa jenereta. Kumkabidhi Mtanzania uongozi wa hospitali kama hiyo kulitaka mahali pa kumwandaa.

Miaka iliyofuata ilizipima taasisi zote za dini. Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka 1967, na muda mfupi baadaye shule za misheni zikataifishwa. Hospitali ya Bugando, iliyojengwa na maaskofu na kufunguliwa mwaka 1971, ilichukuliwa na serikali mwaka uliofuata, na ilirudi mikononi mwa kanisa mwaka 1985. Nyegezi ilibaki na wenyewe. Naamini udogo wake na aina ya mafunzo yake vilisaidia: haikuwa shule ya kuwalea vijana wa dini moja, na watu iliowatoa walikuwa wanafanya kazi serikalini, kwenye ushirika na kwenye mashirika ya umma kama mahali pengine popote.

Ushirika wenyewe ulipata pigo. Mwaka 1966 tume ya Rais ilichunguza malalamiko ya wakulima dhidi ya viongozi wa vyama, na mambo iliyoyakuta yalikuwa yale yale ya mizani na daftari, safari hii wapunjaji wakiwa ndugu. Chama kikuu cha Mwanza kikaja kuitwa Nyanza Co-operative Union. Mwaka 1976 vyama vikuu vyote nchini vilivunjwa kwa amri, na havikurudi hadi sheria ya 1982 iliporuhusu. Mtu anayesoma historia hii kwa haraka anaweza kusema wahasibu wa Nyegezi walishindwa kuukoa ushirika. Mimi nasema walikuwa wachache mno kwa kazi iliyokuwapo. Makarani wengi wa vyama vya msingi walipewa kitabu cha stakabadhi na ufunguo wa kasha, basi, kisha tukashangaa.

Uandishi wa habari una kisa chake. Kanisa lilikuwa na gazeti la Kiongozi, lililoanzishwa Tabora mwaka 1950, na serikali ikawa na shule yake ya uandishi Dar es Salaam kuanzia katikati ya miaka ya 1970. Katika zama za chama kimoja magazeti yalikuwa machache na redio ilikuwa moja, kwa hiyo mwandishi aliyehitimu hakuwa na milango mingi ya kubisha. Mambo yalibadilika ghafla. Vyama vingi viliruhusiwa 1992, sheria ya utangazaji ya 1993 ikafungua njia kwa redio na televisheni binafsi, na Mwanza yenyewe ikapata Radio Free Africa katikati ya muongo huo, redio iliyosikika mbali sana nje ya kanda. Vyumba vya habari vilihitaji watu mara moja, na Nyegezi ilikuwa na watu.

Hapo ndipo suala la chuo kikuu lilipojileta lenyewe. Tangu Uhuru elimu ya chuo kikuu ilikuwa kazi ya serikali peke yake: Dar es Salaam, kisha Sokoine, Morogoro, kuanzia 1984. Wahitimu wa kidato cha sita walizidi nafasi kila mwaka. Mabadiliko ya sheria ya elimu mwaka 1995 yaliruhusu vyuo vikuu binafsi na kuunda baraza la kuvikagua na kuvipa ithibati. Walutheri wakajenga Tumaini, na Dar es Salaam kikafunguliwa chuo binafsi cha udaktari cha Hubert Kairuki. Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania likatazama taasisi zake zote, likachagua Nyegezi.

Mwaka huohuo wa 1998, upande wa pili wa nchi, Zanzibar nayo ilipata vyuo vikuu vyake vya kwanza. Chuo Kikuu cha Zanzibar kilifunguliwa Tunguu kwa juhudi za jumuiya ya hisani ya Darul Iman, na chuo cha ualimu kikafunguliwa Chukwani kwa msaada wa wahisani wa Kuwait. Visiwani vyuo binafsi vilitangulia kile cha serikali: SUZA ilipata sheria yake 1999 na kuanza kufundisha 2001. Waislamu wa Tunguu na Wakatoliki wa Malimbe hawakukaa mkutano mmoja kupanga hivyo. Walisukumwa na jambo moja, vijana wengi waliofaulu na kukosa pa kwenda, na kila upande ulikuwa na watu waliokuwa tayari kulipia gharama ya kuanza. Tofauti ni kwamba Tunguu ilianza kutoka msingi, na Nyegezi ilikuwa tayari na walimu, madarasa na wahitimu makazini. Nyegezi ilipopanda hadhi ilianza na kile ilichokijua, biashara na mawasiliano ya umma. Ualimu, sheria na uhandisi vikaja baadaye.

Upanuzi ulikwenda mbio. Mwaka 2003 maaskofu walifungua chuo cha udaktari Bugando, chini ya mwavuli wa SAUT, kwa kundi dogo la wanafunzi lililofundishwa palepale wodini. Kikapata washirika hadi New York, katika chuo cha udaktari cha Weill Cornell, na baadaye kikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Matawi na vyuo vishiriki vikachipuka Iringa, Moshi, Mtwara, Tabora, Morogoro, Bukoba na kwingineko. Padre Charles Kitima, ambaye baadaye alikuwa Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu, alikuwa makamu mkuu wa chuo katika sehemu kubwa ya kipindi hicho cha kukua.

Kilichoendesha mbio hizo, zaidi ya chochote, kilikuwa Bodi ya Mikopo. Sheria yake ilipitishwa 2004, ikaanza kazi Julai 2005, na mwanafunzi wa chuo binafsi akaruhusiwa kuomba mkopo kama wa chuo cha umma. Binti wa mvuvi wa Igombe, ambaye miaka mitano kabla asingethubutu hata kuchukua fomu, sasa alikuwa anapanda daladala, anapita Pasiansi na Kirumba, anabadilisha gari mjini, anapita Igogo, Mkuyuni na Butimba hadi Nyegezi Kona, kisha anaingia kulia kuelekea maisha yake mapya kule Malimbe. Waliotoka Ukerewe walishuka kwenye meli bandarini na magodoro yao. Malimbe, iliyokuwa mashamba na mawe, ikajaa vyumba vya kupanga, steshenari za kutoa fotokopi, vibanda vya chipsi na mama ntilie waliojua tarehe ya bumu, yaani fedha za kujikimu za mkopo, kuliko baadhi ya wanafunzi. Bumu likiingia, sato aliuzika. Likichelewa, dagaa ndiyo mboga, na daftari la madeni la dukani hurefuka.

Daftari hilo la dukani linanirudisha kwenye hoja yangu. Mkopo uliwafungulia mlango maelfu, na sitakubaliana na yeyote anayetamani siku za kabla yake. Lakini ulibadilisha maana ya uhuru wa chuo. Taasisi iliyopita salama katika miaka ya kutaifishwa kwa sababu ilikuwa ndogo na yenye kazi maalumu sasa ilikuwa kubwa, na sehemu kubwa ya wanafunzi wake walilipiwa na serikali. Chuo Kikuu cha Dodoma kilipofunguliwa 2007, kikubwa na cha umma, wanafunzi walipata mahali pengine pa kwenda. Mwaka 2016 vigezo vya kuingia chuo kikuu vilipandishwa, na mwaka uliofuata Tume ya Vyuo Vikuu ilivizuia vyuo kadhaa nchini kudahili wanafunzi wapya hadi vijirekebishe. Vyuo binafsi vilivyokuwa vimejenga kwa matumaini ya kwamba idadi itaendelea kupanda vilibaki na majengo. Baadhi ya vyuo vishiriki vilivyozaliwa na SAUT vilikuwa vimekwisha kuondoka kwa njia ya heshima, vikawa vyuo vikuu kamili, Mwenge kule Moshi na Ruaha kule Iringa.

Wako wanaoona hatua hiyo kama kupungua. Naiona kama kurudi kwenye kipimo kinachofaa. Chuo kinachomilikiwa na maaskofu, kwenye ncha ya ziwa, kilomita 10 hivi kusini mwa mjini, hakikuundwa kushindana kwa wingi na Dodoma. Kiliundwa kwa ajili ya karani, mganga, bohari na chumba cha habari. Watu hao bado wapo, na mahitaji yao yameongezeka: wilaya za Kanda ya Ziwa zina zahanati nyingi kuliko zamani, vyama vya msingi vimerudi kununua pamba, halmashauri kama ya Ilemela, iliyojitenga na jiji mwaka 2012, zinanunua vifaa vya mamilioni na zinahitaji maofisa manunuzi wasioyumba, na redio ndogondogo zinasikika hadi visiwani.

Ngazi za cheti na stashahada katika uhasibu, manunuzi na uandishi wa habari bado zinafundishwa Malimbe, pembeni ya digrii. Mara nyingi katika vyuo vyetu madarasa ya namna hiyo hupewa mhadhiri mpya zaidi, chumba cha mbali zaidi na saa za jioni, kwa kuwa heshima yote imehamia juu. Pale Nyegezi ndiyo madarasa makongwe kuliko yote, yaliyokuwapo kabla ya vitivo na kabla ya maprofesa. Yapewe walimu wazoefu. Karani wa chama cha msingi anayekuja kwa likizo ya wiki sita, na daftari lake mkononi, akute mtu wa kukaa naye na kulipitia ukurasa kwa ukurasa.